Mama Matone Hakuamini Tangi

Mimi na wifi yangu hatukuanza vizuri, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, nilikuwa uani nasuuza nguo, bomba nimeliacha wazi linatiririka. Yule binti akapita, akasimama, akalifunga. Alijifuta mkono kwenye sketi, akaingia ndani kuamkia wazee kwa adabu zote. Mimi nikabaki na povu mikononi, najisemea moyoni: huyu hata maji ya kunywa hajapewa, ameshaanza kutawala mabomba ya watu.

Kumbe ndiyo kazi yake. Alikuwa ameajiriwa kwenye shamba linalootesha miche ya maua na mboga, mabanda marefu ya plastiki yaliyopangana nyuma ya barabara kuu, na zamu yake ilikuwa ya maji. Wenzake walimwita Mama Matone tangu hajazaa hata mtoto mmoja. Maji yalitoka kwenye tangi lililokaa juu ya mnara wa chuma, yakashuka kwa mabomba hadi kila banda, kisha yakaingia kwenye mipira myeusi iliyolala kati ya miche. Mpira una vitundu vidogo, na kila kitundu kinadondosha tone kwenye shina la mche wake. Mwisho wa kila mpira pana kizibo.

Wenzake wa zamu ya maji walifungua koki, wakasikia mvumo, wakaenda zao kupiga soga. Wifi yangu alitembea. Alikwenda mpaka mwisho wa kila mstari, akainama, akachomoa kizibo, akakinga kiganja, akangoja. Maji yakifika, alirudisha kizibo, na yale machache aliyoyakinga akayamwagia mche wa jirani, maana kwa maji alikuwa na mkono wa birika, hapotezi hata tone. Yasipofika, alirudi nyuma akiupapasa mpira kidogo kidogo mpaka aone palipopasuka. Msimamizi alimwambia tangi limejaa, sasa anahangaika na nini. Akajibu kwamba tangi kujaa ni habari ya tangi. Tabia hiyo aliileta mpaka nyumbani. Ukimwambia mtoto ameshakula, haangalii sahani, anamshika mtoto tumbo.

Nilimchukia kwa hilo, halafu nikalizoea, halafu siku moja nikajikuta namtetea mbele ya shangazi zetu kwa sauti ya juu kuliko iliyohitajika. Alinisikia kutoka jikoni. Hakunishukuru, ila tangu siku hiyo nguo zake zote akawa ananiletea mimi kushona.

Ugonjwa ulianza kama uvivu, na uvivu haukuwa wake. Alianza kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya mstari, apumzike kabla ya kufika mwisho. Mapajani kukatoka madoa meusi kana kwamba amegongwa, na akipiga mswaki, fizi zinavuja damu. Mimi na mdomo wangu nikamtania kwamba kaka yangu amefanya tena mambo, tuanze kutafuta jina. Alicheka kwa kunionea huruma. Ilipokuja homa isiyosikia dawa walimpima damu zahanati, na mpimaji akatoka nje kumpigia mtu simu kabla hajatuambia lolote. Hapo nikajua mambo si mambo.

Kwenye hospitali kubwa walituambia ni saratani ya damu. Daktari wetu alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini, mdogo kwangu kwa umri. Alieleza kwamba damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ile nyama laini iliyojificha katikati, na kwamba huko ndani chembe zilizoharibika zimezaana mpaka zile nzima zimekosa nafasi. Ili wawe na hakika, ilibidi wachote uboho wenyewe kwa sindano nene, nyuma ya nyonga.

Kaka yangu ni dereva wa lori, mwanamume wa maneno mengi, lakini sindano hawezi kuitazama. Alifika mlangoni, akaiona trei, akageukia ukuta. Sikumsamehe siku ile. Nikafunika cherehani yangu, nikawaambia wateja wavute subira, nikakaa mimi pembeni ya kitanda. Sindano ilipoingia, wifi aliuma ukosi wa blauzi yangu mpaka mshono ukaachia. Hakulia. Baadaye aliigusa ile sehemu iliyoachia, akasema ni aibu fundi mzima kuvaa mshono dhaifu namna ile.

Matibabu yakaanza. Dawa zenyewe, kemo wanavyoita, zilipitia kwenye mashine inayolia kila ikimaliza, lakini kati ya dawa na dawa walimtundikia chupa ya maji ya chumvi kwa mpira wa kawaida, wenye kigurudumu cha kuongeza na kupunguza. Sasa mchukue mtu wa zamu ya maji, mlaze chali, mtundikie mpira unaodondosha tone mojamoja mbele ya macho yake, halafu mwambie atulie. Nilikwenda kuosha vikombe. Niliporudi nikakuta kigurudumu kimefunguliwa mpaka mwisho, maji yanaporomoka, na mgonjwa ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Aliona matone yanachelewa, akajua pameziba, akaupa mpira msukumo uzibuke, kama anavyofanya shambani.

Nesi alimjia juu, na haki yake. Alimwambia angeweza kuujaza moyo wake maji kwa ujuaji huo, akanigeukia na mimi, akaniuliza nakaa pale kulinda nini. Kesi ikafika kwa daktari. Yeye hakugomba. Aliuliza mgonjwa anafanya kazi gani, akavuta kiti, akakaa.

Alisema ndani ya mfupa mna mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko uzi, inayopita kila kona ya uboho. Katika afya, mishipa hiyo haisafirishi tu, inalea. Karibu na ukuta wa mfupa iko ambayo pembeni yake wanaishi mama wa damu, yaani zile chembe zinazozaa chembe nyingine zote. Ugonjwa huu ukiingia haukai kama mgeni. Unaigeuza nyumba. Chembe mbovu zinatoa vitu vinavyoilegeza mishipa, inaanza kuvuja, ile ya karibu na mfupa inaharibika, na mama wa damu wanakosa makao. Basi damu inavuja ovyo upande mmoja, na upande mwingine haifiki sawasawa. Na dawa inasafiri ndani ya damu hiyo hiyo. Isitoshe, baadhi ya chembe mbovu hujibanza kwenye kuta za mishipa zikasinzia, dawa ikipita zisishtuke. Kwa hiyo kuongeza msukumo mkononi, alisema, si kuongeza kitu kule mwisho.

Wifi alisikiliza amekunja uso. Akasema shambani mpira ukipasuka, pale penye mpasuko ndipo magugu yanaponona, miche ya mwisho inakauka, na ukizidisha koki unanenepesha magugu. Daktari akasema inakaribiana na hivyo, ila huku magugu yenyewe ndiyo yanayotoboa mpira. Wifi akaguna. Mguno ule niliujua, aliutoa akipewa habari mbaya ambayo ni kweli.

Basi tukakaa wodini. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, nikamnyoa kwa mkasi wangu wa kazi, nikamshonea kofia ya bitana laini. Midomo ikachubuka. Siku nyingine alikuwa hataki hata kusikia harufu ya chai yangu, nikawa nainywa kwenye korido nimesimama. Halafu polepole akaanza kurudi. Homa ikakatika, madoa yakafifia, damu aliyotolewa mkononi ikaanza kuonyesha afadhali kila wakipima. Akawa anatembea hadi dirishani, anamtania nesi aliyemgombeza. Kaka yangu akamletea viatu vya kurudia nyumbani, akaviweka chini ya kitanda, vimeelekea mlangoni.

Daktari akaja akasema amefurahi, lakini kabla ya kuamua lolote anataka kuchota uboho tena. Wifi akatia ngumu.

Alisema damu yake safi, wao wenyewe wamesema. Alisema amechoka kutobolewa. Daktari hakumficha. Alimweleza kwamba damu ya mkononi inaweza kupendeza huku kwenye uboho ugonjwa umebaki, na ukiachwa sasa utarudi, tena utarudi umejua dawa, na huenda safari hiyo wasiweze kuukamata. Wifi akatazama dirishani. Kaka yangu akamuunga mkono mke wake, eti mwache mtu apumue kwanza, na mimi nilijua wazi anayetaka kupumua ni yeye. Daktari akasema hamlazimishi mtu, atarudi jioni kupata jibu, akatuachia chumba.

Nilishajaribu upole asubuhi nzima, na upole si fani yangu. Nikamtolea uvivu.

"Wifi," nikamwambia, "tangu lini wewe ukaamini tangi?"

Akarekebisha kofia yake.

"Damu ya mkononi ni tangi. Maisha yako yote unatembea mpaka mwisho wa mstari, unasemwa, unatembea. Leo mwisho wa mstari uko nyongani kwako, ndiyo hutaki kufungua?"

Kaka akaniambia nipunguze ukali kwa mgonjwa. Nikamwambia yeye aendelee kutazama ukuta. Akatoka nje, na sikujali.

Wifi alipoongea, sauti yake haikuwa na ubishi wowote.

"Shambani nikifungua nikakuta pakavu, narudi nyuma natafuta palipopasuka. Hapa nikikuta pakavu, narudi wapi?"

Siku zote nilidhani anaogopa sindano, nikamwona anadeka. Kumbe yule mwanamke, peke yake kati yetu, ndiye aliyejua hasa kufungua kizibo ni kitu gani, kwamba ukishafungua umeshajua, na huwezi tena kukaa ukasikiliza mvumo wa maji ukajifariji. Nilipanda kitandani na viatu vyangu, nikajibana pembeni yake. Nesi alipita, akatuona, akajitia hamnazo. Nililia, tena kwa kelele, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Tutarudi wote," nikamwambia baadaye. "Tutapapasa wote mpaka tupaone."

Daktari alipokuja jioni, wifi alikubali, ila kwa sharti kwamba nivae blauzi iliyoshonwa na fundi mwingine.

Majibu yalikuja, na palikuwa pakavu. Si kwamba dawa haikufanya kazi, daktari alisema, imefanya kazi kubwa, lakini chembe mbovu bado zipo huko ndani, na si chache za kupuuzwa. Alieleza kwamba kuna duru ya pili ya kemo, na kwamba hospitali ilikuwa inajaribu jambo jipya pamoja nayo, dawa ya kuituliza mishipa isivuje, ili kemo ipate njia. Hakutia chumvi. Alisema wazo hilo limeonekana kufaa kwa panya wa maabara, kwa binadamu bado wanajifunza, na hawezi kumwahidi kitu. Akiikataa dawa hiyo, atapata duru ya pili vilevile.

Wifi aliuliza swali moja tu. Mishipa ikitengenezwa, magugu nayo si yatapata maji zaidi? Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Alisema hata wataalamu wamebishana sana juu ya hilo, na wako waliojaribu kinyume chake, kuikata mishipa kabisa ili ugonjwa ufe njaa, wasipate walichotarajia. Kwenye duru hii, alisema, njia inayopeleka maji ndiyo itakayopeleka sumu ya magugu, na mama wa damu nao wanahitaji pa kurudi.

"Unaziba kwanza, ndipo unafungua koki," wifi akasema. Alisema kama anavyomwelekeza mfanyakazi mpya. Akakubali.

Duru ya pili sitaki kuielezea sana. Ilimpeleka mbali. Kuna siku homa ilimpanda akaniita kwa cheo cha msimamizi, akaniambia koki ya banda la mwisho imekwama, na mimi nikamjibu sawa, natuma watu. Niliingia chooni nikaupiga mlango teke mpaka kidole kikavimba. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na daktari, na kaka, na yeye mwenyewe aliyekuwa anaondoka huku amelala mbele yangu.

Kaka yangu alibadilika wakati huo. Hakutangaza. Siku moja alipita mlangoni bila kusimama, akachukua beseni, akaanza kumfuta mke wake miguu kwa kitambaa, polepole, huku mkono wa kushoto umeziba jicho upande wa chupa na sindano. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimpisha kiti. Akawa haondoki tena mpaka watoe wageni.

Homa ikashuka. Wifi akafumbua macho, akauliza nani amemvalisha soksi zisizofanana. Baada ya hapo vilirudi vitu vidogo vidogo, njaa, matusi ya utani, nywele laini za mtoto mchanga kichwani. Na siku ya kuchota uboho ikafika tena. Nilikuwa nimejiandaa na blauzi yangu. Wifi akasema siku hiyo anamtaka mume wake.

Niseme ukweli, iliniuma. Nikakaa korido kama mgeni, nimekumbatia mkoba. Mlango haukufungwa vizuri, na niliona kaka ameshika mkono wa mkewe, uso umemwisha rangi. Sindano ilipoingia, akashuka taratibu mpaka sakafuni, nesi akaruka kumdaka. Lakini mkono hakuuachia. Alikaa chini, kichwa kati ya magoti, mkono wake umenyooka juu umeshikilia wa mkewe, mpaka wakamaliza.

Tulingoja majibu na roho mkononi. Daktari alikuja mwenyewe, amesimama miguuni pa kitanda.

"Umeangalia mwisho kabisa?" wifi akamuuliza.

"Nimeangalia," daktari akasema. "Kwa vipimo nilivyo navyo, chembe mbovu sizioni tena."

Akaongeza kwamba lazima aendelee na dawa na arudi kupimwa mara kwa mara, na kwamba kama ni ile dawa ya mishipa iliyosaidia, au ni kemo ya pili tu, hawezi kusema kwa mtu mmoja. Wifi akaitikia kwa kichwa. Alisema hata yeye mstari mmoja haujawahi kumpa habari ya shamba zima. Kisha akavuta shuka akajifunika uso, na tukaliona shuka lote linatikisika. Kaka yangu alitoka nje. Safari hiyo nilimfuata, tukalia pamoja karibu na ndoo za mafagio.

Ilichukua muda mrefu kabla daktari hajamruhusu kurudi kazini, tena kwa nusu zamu. Siku ya kwanza nilimsindikiza, maana alikuwa bado anachoka haraka na mimi simwamini mtu mwingine kumshika. Msimamizi alimpa mkono, akamwambia koki zote zimeshafunguliwa, akae tu kivulini. Wifi akamshukuru. Halafu akaingia bandani.

Alitembea polepole, anashika nguzo hadi nguzo, miche pande zote mbili imelowa mashina. Katikati ya mstari palikuwa na ndoo imepinduliwa. Akaipita. Tulipofika mwisho alipiga magoti, maana kuinama bado kulimshinda, akachomoa kizibo, akakinga kiganja. Tukangoja. Maji yakaja, mwanzo kwa kukohoa, kisha mfululizo. Yakajaa kiganjani, yakafurika, yakapita kati ya vidole vyake yakaenda kwenye njia. Hakurudisha kizibo. Hakumwagia mche wowote. Alibaki amepiga magoti pale pale, mkono wazi, anayaangalia.

Nikamwambia maji yanamwagika bure.

"Acha yamwagike, wifi," akasema.

Nikasimama pembeni yake mpaka viatu vyangu vikalowa.